Saa ya Zalio

Mtoto akisha kuzaliwa na kilio chake kikasikika hadi ukumbini, watu wa nyumba hushusha pumzi. Vigelegele hupigwa, baba hupelekewa bishara, na macho yote humwelekea mgeni aliyekwisha kufunikwa kanga. Mkunga aliyefunzwa vema humtazama mtoto kwa kadiri ya haja, akahakikisha kuwa anapumua, amekaushwa na amewekwa kifuani pa mama yake apate joto, kisha huurudisha mkono wake juu ya tumbo la mzazi na kuutuliza hapo, kwa sababu anajua kwamba kazi iliyomleta haijaisha, na kwamba katika safari yote ya miezi tisa ni nadra muda mfupi kubeba hatari kubwa kama ule ulio kati ya kutoka kwa mtoto na kutulia kwa mji wa mimba baada ya zalio, yaani kondo la nyuma, kutoka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa wanawake wapatao 70,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya damu inayotoka baada ya kujifungua, na vingi vya vifo hivyo hutokea katika nchi za Afrika na za kusini ya Asia, ambako mzazi huweza kuwa mbali na tabibu, mbali na akiba ya damu, na wakati mwingine mbali hata na barabara.

Saa hiyo haifahamiki ila kwa kuirudia miezi iliyoitangulia, kwani mwili wa mja mzito huanza kujiandaa kwa ajili yake tangu majuma ya kwanza, wakati mwenyewe hajawa na yakini kuwa mimba imetunga. Mji wa mimba wa mwanamke asiye na mimba una uzito wa gramu 60 au 70, na nafasi iliyo ndani yake haipokei zaidi ya mililita 10 hivi. Mimba ikitimu, mji ule ule huwa na uzito wa takriban kilo moja, na ndani yake hupatikana nafasi ya lita 5 za mtoto, maji ya chupa na zalio. Ukuaji huo hautokani sana na kuongezeka kwa idadi ya nyuzi za msuli; nyuzi zilizokuwapo ndizo hurefuka na kunenepa, zikiongozwa na homoni za mimba na kisha na mtoto mwenyewe anayezidi kuzitanua. Kadhalika mishipa ya damu iendayo humo hupanuka kwa namna ya ajabu, hata mimba inapofikia mwisho wake, damu ipitayo katika mji huwa kati ya mililita 500 na 800 kwa kila dakika. Msomaji na atue kidogo juu ya hesabu hiyo. Damu yote ya mja mzito ni lita 5 au 6; maana yake ni kwamba katika muda wa dakika kumi hivi kiasi sawa na damu yake yote huwa kimekwisha kupita pale, na lau mishipa hiyo ingebaki wazi baada ya zalio kubanduka, hapana mwanamke ambaye angeiona jioni ya siku aliyojifungua.

Hatari hiyo inakabiliwa na mwili kwa njia mbili, moja ya akiba na moja ya kufunga. Akiba ndiyo huanza. Damu ya mja mzito huongezeka kwa kadiri ya asilimia 40 hadi 50, na kilele cha ongezeko hilo hufikiwa mnamo juma la 32 hadi la 34. Walakini sehemu ya majimaji huongezeka kuliko chembe nyekundu, na kwa hiyo kipimo cha hemoglobini hushuka kidogo, jambo ambalo kwa mwanamke mwenye siha ni la kawaida. Hapa maarifa ya mkunga hutiwa mizani. Asiyejua sababu huweza kuuona upungufu wowote kuwa ni maradhi, au, na hili ndilo baya zaidi, akauona upungufu wowote kuwa ni jambo la mimba lisilo na neno. Anayejua sababu hujua kuwa kushuka huko kuna mpaka, na kwamba hemoglobini ikipungua chini ya gramu 11 kwa desilita, au chini ya 10.5 katika miezi ya kati, sharti atafute kilichoila damu: malaria, ambayo vijidudu vyake hujificha ndani ya zalio lenyewe, safura, mimba zilizofuatana bila mapumziko, au chakula kisichokuwa na madini ya chuma. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki wanavyopewa waja wazito kliniki, ambavyo wengi huviacha kwa kuwa huwachafua moyo au huwafungisha choo, ni sehemu ya maandalizi ya saa ya zalio. Kila ninapoona kopo la vidonge hivyo limetupwa chini ya kitanda huingiwa na huzuni, maana mililita 500 za damu ambazo mwanamke mwenye damu ya kutosha huzipoteza akainuka na kuomba uji, huweza kumuua jirani yake aliyeingia leba akiwa mweupe viganja na midomo.

Lakini akiba hiyo hiyo ina hadaa yake, na kila mwanafunzi wa ukunga angepaswa kuelezwa habari yake siku ya kwanza, kabla hajagusa kifaa chochote. Kwa kuwa mwili umejiwekea damu ya ziada, mama anayevuja huweza kupoteza lita nzima, na hata zaidi, huku shinikizo la damu likisoma vizuri na mapigo ya moyo yakiwa yameongezeka kidogo tu. Akatazamwa, akaonekana yu salama, akaulizwa, akajibu, mkunga akageukia kitanda kingine, kisha, kwa ghafla, akiba ikaisha, na mwili uliokuwa umestahimili kimya ukaporomoka wote pamoja. Mkunga anayengoja shinikizo lishuke ndipo ashituke, anangoja habari ambayo mwili huitoa mwisho. Habari ya mwanzo iko chini ya mkono wake, katika mji wa mimba wenyewe.

Basi na tuitazame njia ya pili, ile ya kufunga. Nyuzi za msuli wa mji zina tabia moja ambayo misuli ya mkono au ya mguu haina. Tukikunja mkono na kuukunjua, msuli hurudia urefu wake wa awali. Ama nyuzi za mji wa mimba, baada ya kila mkazo wa uchungu hulegea lakini hazirudii urefu zilioanza nao, bali hubaki fupi kidogo, na mkazo unaofuata huanzia hapo, ukazifupisha tena. Kwa tabia hiyo moja mambo manne hutendeka. Kwanza, sehemu ya juu ya mji inapozidi kuwa fupi na nene, huuvuta mlango wa kizazi juu hata ukawa mwembamba na ukafunguka hadi sentimita 10. Pili, nafasi inapopungua juu, mtoto hushuka. Tatu, mtoto akisha kutoka, ukuta wa mji hunywea kwa ghafla, ilhali zalio lililoshikana nao, ambalo ni pande la nyama lenye uzito wa nusu kilo hivi na upana wa sentimita 20, haliwezi kunywea nao. Mahali lilipojishikiza pakiwa padogo kuliko lenyewe, hubanduka. Na nne, ambalo ndilo la uhai: tabaka la kati la msuli huo lina nyuzi zilizopishana huku na huku, na mishipa ya damu hupita katikati ya mapishano hayo, mfano wa vidole vilivyopitishwa katika matundu ya kitanda cha kamba; kamba zikivutwa zikakazwa, kila mshipa hubanwa mahali pake, na damu hukoma kabla hata haijapata muda wa kuganda.

Kuganda nako kupo, tena kumeongezewa nguvu, kwa maana damu ya mja mzito huganda upesi kuliko ya mwanamke mwingine. Walakini kuganda ni kwa kusaidia. Kazi kubwa ni ya msuli, na ndiyo sababu mji uliolegea huvuja hata kwa mwanamke ambaye damu yake haina kasoro yoyote.

Mtu akiisha kulifahamu hilo, mafunzo mengi ya ukunga ambayo hufundishwa kama orodha za kukariri hufunguka yenyewe. Kwa nini mama wa mapacha hutazamwa kwa hadhari zaidi, na aliyebeba mtoto mkubwa, na aliyekuwa na maji mengi? Kwa sababu nyuzi zake zimetanuliwa kupita kiasi. Kwa nini aliyeshinda na kukesha katika uchungu? Kwa sababu msuli uliochoka hukaza kwa unyonge. Kwa nini haifai kuvuta kitovu kwa pupa mji ukiwa bado laini? Kwa sababu zalio halijabanduka, na mvutaji huweza kukikata kitovu, au kung'oa kipande na kuacha kingine, au, ikiwa bahati ni mbaya sana, kuuvuta mji wenyewe ukapinduka ndani nje. Mwili hutoa dalili zake: mji huinuka tumboni na kuwa wa mviringo na mgumu, damu hutoka kwa mbubujiko mfupi, na kitovu hurefuka pale kilipotokea. Pamoja na hayo yote, wengi wanaovuja hawakuwa na sababu yoyote ya kutiliwa shaka kabla, na kwa hiyo mkunga mwenye insafu humlinda kila mzazi kana kwamba ndiye.

Naomba msomaji aingie nami katika leba dakika chache. Zalio limetoka. Mkunga amelilaza katika sinia, upande uliokuwa umeshikana na mji ukiwa juu, na anaupangusa damu polepole kwa kipande cha pamba. Upande huo ni mwekundu mzito, umegawanyika katika vipande kumi na tano au ishirini vinavyokaribiana, na yeye huvikusanya kwa viganja viwili aone kama vinakutana bila kuacha shimo. Kisha huligeuza. Upande wa mtoto ni wa kijivujivu unaong'aa, mishipa imetawanyika kutoka kwenye shina la kitovu. Hukikata kitovu mahali pasafi akahesabu mishipa mitatu, miwili myembamba na mmoja mpana. Hatimaye huinua ngozi ya chupa mbele ya taa na kuifuata pembezoni kote, akitafuta mshipa unaotoka katika zalio ukaenda kuishia mahali pasipo na kitu. Maana mshipa wa namna hiyo humwambia kuwa palikuwa na kipande kidogo cha pembeni, na kipande hicho kimebaki ndani, na madhali kimebaki ndani, mji hautakaza sawasawa.

Wakati huo huo mkono wake mmoja hurejea tumboni mara kwa mara. Mji uliokaza huhisika mgumu, kilele chake kikiwa usawa wa kitovu cha mama au chini yake kidogo. Safari hii anaukuta umepanda juu na kuelekea upande wa kulia, tena ni laini. Hakimbilii sindano kwanza. Anainama kwa mzazi na kusema, "Mama, umekojoa tangu asubuhi?" Mama anatikisa kichwa. "Haya, hebu tukusaidie ukojoe kidogo, mama yangu, kibofu kimejaa kinausukuma mji." Beseni linaletwa, kibofu kinatoka maji, na baada ya kusuguliwa kidogo mji unashuka, unarudi katikati na kuwa mgumu. Jambo dogo kama hilo, lisilogharimu hata senti, limewahi kuokoa wanawake wengi, na limewahi kusahauliwa na watu wenye vyeti vikubwa ambao walifundishwa la kutenda bila kufundishwa sababu yake.

Kinachoamrisha msuli huo kukaza ni oksitosini, homoni inayotoka katika tezi iliyo chini ya ubongo. Mwaka 1906 Henry Dale, mwanafiziolojia wa Uingereza, alionyesha kuwa dondoo la tezi hiyo huukaza mji wa mimba wa mnyama. Na mwaka 1953 Vincent du Vigneaud na wenzake wa Marekani waliweza kuiunda homoni hiyo katika maabara, kazi iliyompatia du Vigneaud Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1955. Leo mkunga ana sindano yake ya vipimo 10, inayochomwa mara mtoto akizaliwa, na hakuna dawa katika leba iliyo na fadhila kubwa kuliko hiyo. Ina udhia mmoja: inahitaji baridi, nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi, na zahanati nyingi za kwetu huwa na umeme unaokuja na kwenda, nayo dawa iliyopoteza nguvu kwa joto huonekana katika chupa yake sawa na iliyo hai. Mfadhaiko wa mkunga aliyechoma sindano akaona mji haukazi, asijue kama tatizo ni la mama au la jokofu, ni mfadhaiko usiostahili kubebeshwa mtu. Kwa bahati njema ipo sasa dawa iitwayo karbetosini isiyohofia joto, ambayo jaribio lililohusisha wanawake karibu 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwamo, lilionyesha mwaka 2018 kuwa haipungukiwi na oksitosini katika kuzuia damu.

Lakini oksitosini ya sindano ni nyongeza juu ya ile ya mwili, na ile ya mwili ina tabia zake. Huongezeka mtoto anaponyonya, na ndiyo maana mzazi anayemweka mtoto kifuani mara tu baada ya kujifungua huhisi tumbo likimkaza. Chango hilo linalowakera wanawake ni mji unaofanya kazi yake. Hofu, fedheha na baridi huizuia oksitosini hiyo. Mwanamke anayekaripiwa, anayefunuliwa mbele ya wapita njia, anayeambiwa kuwa alipokuwa akitafuta mimba hakulia hivi, mwili wake hutoa homoni za hofu zinazoweza kupingana na uchungu wenyewe. Kwa hiyo ninaposema kuwa upole ni sehemu ya utabibu, nasema neno la fiziolojia, wala sisemi la adabu peke yake. Bibi zetu waliokaa nyuma ya mzazi, wakamshika mabega na kumsemesha taratibu usiku kucha, hawakujua jina la homoni hata moja, lakini walikuwa wakiihudumia.

Insafu inatulazimu pia kutaja jambo la kitovu. Wakunga wa jadi katika sehemu nyingi za Afrika hawakuwa na haraka ya kukikata. Aghalabu walingoja hata zalio litoke. Hospitali zikaleta desturi ya kukibana papo hapo, na desturi hiyo ikadumu miaka mingi bila hoja yenye nguvu. Leo Shirika la Afya Duniani linaelekeza kungoja angalau dakika moja, na vema zaidi hadi tatu, kwa kuwa mtoto anapotoka sehemu ya damu yake ingali ndani ya zalio, na katika dakika hizo mililita 80 hadi 100 humrudia, pamoja na chuma kitakachomfaa miezi kadhaa. Katika hili bibi waliona mbali. Katika mengine hawakuona: dawa za miti zinazozidisha uchungu zimepasua miji ya mimba, na haraka ya kukanda tumbo lisilo tayari imeleta maafa. Mizani ya mila na ya hospitali iwe moja: je, tendo hili linaufuata utendaji wa mwili, au linaupinga?

Limebaki la kupima. Jicho la mwanadamu hudanganyika sana mbele ya damu. Damu iliyonywewa na kanga, iliyochanganyika na maji ya chupa, iliyotiririka ikaingia chini ya godoro, huonekana nusu ya ilivyo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililoitwa E-MOTIVE, lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likahusisha wanawake zaidi ya 210,000. Katika hospitali zilizopewa utaratibu mpya, chini ya kila mzazi iliwekwa shuka ya plastiki yenye mfuko uliotiwa alama za vipimo, damu ikaonekana kwa hesabu badala ya makisio. Na ilipofikia kiwango cha hatari, wakunga walitenda mambo yote kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndipo walifuate jingine: kuusugua mji, kutoa dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia kuganda, maji ya mshipani, kumkagua mama na kuita msaada. Maafa makubwa, yakihesabiwa pamoja damu iliyozidi lita moja, upasuaji wa kuizuia na vifo vya kuvuja, yalipungua kwa asilimia 60. Sijui habari nyingine ya ukunga katika zama zetu inayostahili kusomwa kwa sauti katika kila wodi kuliko hiyo, hasa kwa kuwa imetoka katika wodi za kwetu, kwa mikono ya wakunga wetu, na kwa kifaa ambacho fundi wa plastiki huweza kukitengeneza.

Walakini shuka haijitazami yenyewe. Saa mbili za mwanzo baada ya kujifungua zinahitaji mtu aketi karibu na mzazi, aushike mji kila robo saa, autazame mfuko, aulize hali. Na mkunga mmoja aliyeachiwa vitanda sita usiku hawezi kufanya hivyo hata angekuwa na ilmu ya dunia nzima. Wenye madaraka ya kuajiri wanalijua hilo, na ni haki yetu kuwadai. Na wewe msomaji uliye na mke, binti au dada anayekaribia siku zake, mhimize amalize vidonge vyake vya chuma, mfikishe hospitali mapema, nenda kachangie damu kabla haijahitajiwa, na mtoto akisha kuzaliwa, mwachie bibi yake furaha ya kumpakata, kisha uliza habari za mama, na uulize tena baada ya saa moja.